Njia ya Nta na Mchanga: Je, Ingefaa Ngong?

Njia bandia ya mbio za farasi ni mchanganyiko wa mchanga laini, nyuzi za plastiki na mara nyingi vipande vya raba, vyote vikiwa vimepakwa nta ili vishikamane na maji yapite bila kuacha tope. Watetezi wake, wakiwamo wanaotaka iwekwe katika uwanja wa mbio wa Ngong hapa Nairobi, wana hoja nzito. Kwa mujibu wa takwimu za majeraha zinazotunzwa na Jockey Club ya Marekani, chama kinachosajili farasi wa mbio, mwaka 2023 farasi 0.97 kati ya kila 1,000 walioshiriki mbio kwenye njia hizo walikufa kwa majeraha, ilhali kwenye nyasi walikuwa 1.13 na kwenye udongo 1.43. Sababu inaeleweka: kwato ikikanyaga kwa kasi, tabaka la juu huzama kidogo na kupunguza kishindo kinachopanda mfupani, na hali hiyo haibadiliki sana kati ya mita moja na nyingine.

Hata hivyo, California iliwahi kuzikumbatia njia hizi kisha ikazikimbia. Mwaka 2006 bodi inayosimamia mbio huko iliviamuru viwanja vikubwa viache udongo. Santa Anita, uwanja mmojawapo ulio karibu na Los Angeles, iliweka njia bandia mwaka 2007, lakini maji ya mvua yakagoma kupita na baadhi ya mbio zikafutwa. Kampuni nyingine ikaletwa kurekebisha, na kufikia mwisho wa 2010 udongo ulikuwa umerudishwa. Jua kali nalo huilainisha nta, hivyo njia ya asubuhi si ile ya alasiri. Wakufunzi walilalamikia majeraha ya misuli na kano za miguu ya nyuma, ambayo hayaonekani katika hesabu ya vifo. Lalamiko hilo halipaswi kupuuzwa, kwa kuwa farasi aliyestaafishwa kwa kano iliyochanika hahesabiwi popote katika takwimu nilizozitaja.

Msimu ulioanza Desemba 2018, farasi 30 walikufa Santa Anita, na watetezi wa njia bandia wakaona hoja yao imethibitishwa. Mimi naona kilichofuata kina uzito zaidi: sheria za dawa zilikazwa, ukaguzi wa madaktari wa mifugo ukaongezwa, na vifo vikapungua sana juu ya udongo ule ule. Kwa Marekani nzima, kiwango cha vifo kwa kila 1,000 kilishuka kutoka 2.00 mwaka 2009 hadi 1.32 mwaka 2023, ingawa viwanja kadhaa vikubwa vilikuwa vimeshang'oa njia bandia.

Hapa Nairobi mjadala huu huletwa mzima-mzima kana kwamba Ngong wanakimbia juu ya udongo. Uwanja huo, ambao umekuwa makao ya mbio tangu 1954, ni wa nyasi. Kwa hiyo tofauti inayotuhusu ni ile ya 1.13 na 0.97, yaani chini ya farasi wawili kwa kila 10,000 wanaoshiriki, na kalenda yetu ni ndogo mno kulinganisha na ya Wamarekani. Ni kweli kwamba nyasi za Nairobi si za Uingereza: Februari ardhi hukauka ikawa ngumu, na Aprili mvua za masika huilowesha hata kwato zikang'oa mabonge ya nyasi kwenye kona. Lakini ugumu hupunguzwa kwa kumwagilia, na mabonge hurudishwa na vibarua baada ya mbio. Kazi hizo ni za gharama ya kawaida, wakati njia bandia ingedai mifereji mipya chini yake, nta ya kuagizwa nje na mafundi wanaoijua.

Hoja ya njia bandia ninayoikubali kwa Ngong ni ya mazoezi. Farasi hukimbia mbio siku chache sana kwa mwaka, lakini hufanyishwa mazoezi karibu kila asubuhi, na mfupa huanza kupata nyufa ndogo huko, muda mrefu kabla haujavunjika mbele ya watazamaji. Kipande kifupi cha mazoezi kingezipa nyasi za mbio mapumziko, na kingegharimu sehemu ndogo tu ya fedha za kubadilisha mzunguko mzima.