Aliyehesabu mipira kwa kokoto
Nimesoma makala yenu ya mzee anayepumzika baada ya miaka zaidi ya 40 ya kujitolea kwenye kriketi ya klabu hapa Nairobi. Mmemwita "msaidizi". Jamani!

Sisi tuliocheza ligi ya wikendi miaka ya tisini tunawajua watu wa aina yake. Wa klabu yetu alikuwa akifika saa moja asubuhi, anatandika mkeka wa kurushia mpira, anaugongea misumari pembeni na kuchora mistari kwa chokaa, sisi bado tumelala. Mwamuzi asipotokea, koti jeupe analivaa yeye. Mipira 6 ya ova (zamu moja ya mrushaji) aliihesabu kwa kokoto: mpira ukirushwa, kokoto moja inatoka mfuko wa kushoto inaingia wa kulia. Siku moja nilimbishia kwamba ova imekwisha. Hakunijibu, alizitoa za mfuko wa kulia, akafungua kiganja tu. Kokoto 5. Nikarudi kurusha, wenzangu wakicheka.

Watu wanakumbuka Kenya ilivyowashinda West Indies, timu ya visiwa vya Karibi, kule Pune, India, mwaka 1996, na nusu fainali ya Kombe la Dunia 2003. Sawa kabisa. Ila wachezaji wale walikulia kwenye ligi za klabu, na ligi hizo zilibebwa na watu wasiolipwa. Wa kwetu malipo yake yalikuwa chai na sambusa za mapumziko, tena nauli alijilipia (hilo klabu yetu tulipaswa kuona haya).

Ombi langu kwa mwandishi: ukirudi kwa huyo mzee, mwulize daftari zake za alama ziko wapi, uzipige picha kabla mchwa hawajazifikia.