Kugongwa na gari Mwanza: tumalizane au tudai bima?

Mtu akigongwa Buzuruga au Mkuyuni, baada ya "pole" neno linalofuata ni "tumalizane". Dereva anatoa laki mbili, anaahidi kulipia matibabu, na ndugu wanaombwa waseme kituoni kwamba hawana neno naye.

Wanaokubali wana hoja. Bima inachukua miezi, kesi inaweza kuchukua miaka, na muuza dagaa wa Mwaloni anahitaji dawa leo. Kama aliyemgonga ni bodaboda asiye na bima wala mali, hata hukumu ya mahakama haitamletea kitu. Kwa michubuko na picha ya eksirei isiyoonyesha tatizo, kumalizana si kosa.

Kwa mfupa uliovunjika ni hatari, na hapo ndipo familia nyingi zinaumia mara mbili. Paja likitiwa chuma, huenda chuma hicho kikahitaji kutolewa baadaye, au mfupa ukaunga vibaya ukapasuliwa tena. Wakati huo ndugu walishasaini karatasi inayosema "sina madai mengine", na wakili wa upande wa pili ataiweka mbele ya hakimu. Hata mwenye gari anajiponza: kwa kawaida masharti ya bima yanamkataza kukiri kosa au kuahidi malipo bila idhini ya kampuni.

Sheria ya Bima ya Magari inalazimisha vyombo vya moto viwe na bima ya mtu wa tatu, na mtembea kwa miguu ndiye huyo mtu wa tatu. Kwa hiyo jambo la kwanza ni namba ya gari, au ya pikipiki, inayoanza na MC. Ukiiingiza kwenye TIRA MIS, mfumo wa mtandaoni wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, unaona kampuni ya bima na kama bima ni hai. Gari likikimbia bila namba kusomwa, hujui wa kumdai.

Kisha PF3, fomu ya polisi ambayo daktari anajaza majeraha. Mahututi atibiwe kwanza Bugando au Sekou Toure, fomu ifuatie. Kinachoharibu madai mara nyingi ni fomu kujazwa siku ya kwanza, kabla ya eksirei, ikaandikwa majeraha madogo. Hali ikishatulia, omba ripoti nyingine ya daktari inayotaja ulemavu wa kudumu kwa asilimia. Tunza risiti zote: dawa, magongo, nauli ya bajaji kwenda kliniki. Gharama isiyothibitishwa mahakama haiirudishi. Maumivu ndiyo yanayokadiriwa na hakimu.

Madereva nao wana lao: watu wanavuka popote. Ni kweli, na gari la kilomita 50 kwa saa linakula karibu mita 14 kila sekunde, hata kabla mguu haujagusa breki. Ila ukitembea pembezoni mwa Barabara ya Nyerere njia ya miguu ikiwa imezibwa na meza za biashara, utashuka barabarani upende usipende. Na uzembe wa mtembea kwa miguu haufuti haki yake. Mahakama inagawa lawama: hasara ya milioni 10, akionekana amechangia asilimia 30, analipwa milioni 7. Inauma kuona watu wanarudi nyumbani mikono mitupu kwa sababu tu waliambiwa "mgonjwa wenu alivuka vibaya".

Faini ya kesi ya trafiki inakwenda serikalini, si kwa majeruhi. Chukua nakala ya hukumu hata hivyo, kwani dereva aliyetiwa hatiani ni ushahidi mzito kwenye kesi ya madai. Kesi hiyo ifunguliwe ndani ya miaka 3, na kampuni ya bima ipewe taarifa ya maandishi mapema, la sivyo inaweza kukataa kulipa hata ukishinda. Ikikuzungusha kabla ya kufika mahakamani, yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Anayelazimika kupokea fedha za dereva leo azipokee kwa maandishi: kiasi, tarehe, na kwamba ni za matibabu tu. Maneno "sina madai mengine" yakatwe kabla ya kusaini, na nakala ibaki kwa majeruhi.