Mabinti wa sekondari na kujikagua matiti, tatizo liko wapi hasa?

Kila Oktoba tisheti za pinki za kampeni ya saratani ya matiti zikitoka hapa Dar mjadala unarudi ule ule, binti wa form two afundishwe kujikagua matiti au tunamtia presha bure? Wanaopinga hawabahatishi, saratani ya matiti kwa miaka 15 ni nadra mno, uvimbe mwingi wa umri huo ni fibroadenoma, kale kagololi kanakoteleza ukikagusa, hakana shida. Afu kuna ule utafiti wa Shanghai wa wanawake kama 266,000 wa viwanda vya nguo, majibu yametoka 2002, waliofundishwa kujikagua walikufa sawa tu na wenzao, ila wao ndo walikatwa zaidi vinyama vya kupima, kumbe si saratani.

Sawa, lakini wale walikuwa na wahudumu wa afya humo humo kiwandani jamani. Sisi wagonjwa wengi wanafika Ocean Road, hospitali yetu ya saratani, ugonjwa uko hatua ya tatu au ya nne, na hapo ndo mimi nakwama. Mama anagusa uvimbe bafuni, hauumi, basi anajua si kitu maana kwetu ugonjwa ni maumivu, na saratani ya titi mara nyingi inaanza bila kuuma kabisa! Jirani anampa majani ya kubandika, anaombewa, mwaka unakatika, titi likianza kutoa usaha ndo anapandishwa bajaji, tena kwa kulazimishwa na wanae. Sasa huyo binti akijua tu kwamba kisichouma nacho kinapelekwa hospitali, anaweza kumsukuma mama yake mapema.

Kwa hiyo simtaki binti ahesabu vinundu kila mwezi. Aambiwe titi moja kuwa kubwa kuliko lenzie ni kawaida, kujaa na kuuma kabla ya hedhi kawaida, hela kwenye sidiria haileti saratani (hili bado linasemwa!), ila akiona kipya kisichoondoka hedhi ikishapita, amwambie matroni au shangazi. Somo na kungwi wa huku Pwani wamekaa na vigori mkekani miaka yote wakiongea mambo mazito kuliko haya, leo titi ndo aibu?

Hofu yangu iko zahanati. Binti kajikaza, kaenda, nesi anamjibu mbele ya foleni "we mtoto saratani umeitoa wapi", huyo harudi tena, wala hamsukumi mama yake aje. Mafunzo yaanzie kwa huyo nesi.