Uchawi unaomaliza kila kitu kwa busu moja

Nakubaliana na mwandishi wa uhakiki niliousoma kwamba Hot Frosty, filamu ya Krismasi iliyotolewa na Netflix mwaka 2024, inafurahisha, lakini sikubaliani naye anaposema kasoro zake ni ndogo. Kathy, mjane mwenye mgahawa katika mji mdogo, nafasi iliyoigizwa na Lacey Chabert, analivisha skafu sanamu la theluji, nalo linageuka kuwa mwanamume aitwaye Jack. Mwanzo huo ni mzuri sana. Hatari ya Jack kuyeyuka ilitosha kuibeba hadithi nzima, kwa kuwa kumpenda mtu anayeweza kuuawa na joto la chumba ni jambo zito kwa mwanamke aliyekwisha kumzika mume. Badala yake, mkasa wa sherifu anayemsaka Jack unakula muda mwingi, na busu la mwishoni linaifuta hatari yote. Kinachoniuma zaidi ni kwamba Jack ameumbika majuzi tu, hajui dunia, na tayari anapenda kwa moyo wote. Ningetamani tumwone akikosea, akakasirika, akamchagua Kathy baada ya kumfahamu.