Diski Iliyochomoza Mgongoni: Kisu Sasa au Subira Kwanza?

Mwaka 1934 William Mixter na Joseph Barr, madaktari wa Boston, walionyesha kwamba maumivu yanayoshuka kutoka kiunoni hadi mguuni yanaweza kutokana na diski (mto laini ulio kati ya pingili za uti wa mgongo) iliyopasuka, ute wake ukatoka na kubana mzizi wa neva. Tangu hapo upasuaji umepata watetezi wengi, na si bure. Daktari hupasua sehemu ndogo, husogeza neva pembeni na kuondoa kipande kinachoibana. Wengi huamka mguu ukiwa umepata nafuu kubwa, ingawa kiuno chenyewe hakinufaiki kwa kiasi hicho.

Lakini mwili nao una uwezo wa kukinyonya kipande hicho taratibu. Utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2007 ulihusisha wagonjwa 283, kundi moja likipangiwa upasuaji wa mapema na jingine kusubiri kwanza. Waliopangiwa kupasuliwa mapema walipona haraka zaidi, ila mwaka ulipotimia takribani asilimia 95 ya kila kundi walikuwa wamepona. Wanaopinga kisu huishia hapo, na hilo si haki: asilimia 39 ya waliopangiwa kusubiri walifanyiwa upasuaji hatimaye.

Kwa hiyo naona mtu mzima anayeweza kulala na kutembea ajipe wiki 6 hadi 8 za dawa na mazoezi. Aliyekesha kwa maumivu miezi kadhaa, sithubutu kumhubiria subira. Picha ya MRI peke yake isimpeleke mtu chumba cha upasuaji, maana diski zilizochomoza huonekana hata kwa wasiougua kabisa. Ganzi ya msamba na mkojo kugoma kutoka ni dharura isiyo na mjadala: hospitali, siku hiyo hiyo.

Kwa watoto hesabu hubadilika. Ugonjwa huu ni nadra kwao, na huchelewa kugundulika kwa sababu mtoto huenda asilalamike kuhusu mguu. Utamwona mgongo umekakamaa na kupinda upande. Akilazwa chali, mguu ulionyooshwa haunyanyuki. Chanzo chake mara nyingi ni kuanguka au michezo. Naunga mkono kuanza bila kisu, na napinga kukimbilia kuunga pingili kwa vyuma katika mgongo unaokua. Hata hivyo, baadhi yao huwa wamemeguka ukingo wa pingili, jambo linaloonekana vizuri kwa CT skeni. Kinachobana neva kikiwa mfupa, matumaini kwamba kitanyonywa kama ute ni madogo, na hapo nisingechelewesha upasuaji.