Mahijra wa India: familia ambayo sheria haikuihesabu

Tarehe 15 Aprili 2014 Mahakama ya Juu ya India iliwatambua mahijra, watu ambao wengi wao walizaliwa wakahesabiwa wanaume lakini hawaishi kama wanaume, kuwa jinsia ya tatu na kuiagiza serikali iwatengee nafasi katika elimu na ajira. Walioshangilia walikuwa na sababu. Sheria ya Waingereza ya 1871 iliwataka watangulizi wao waandikishwe kwa maofisa wa serikali, ikawakataza kucheza au kuvaa nguo za kike hadharani.

Swali lililobaki linahusu nyumba ya guru, yaani mlezi na kiongozi wa kundi la mahijra. Kijana aliyefukuzwa kwao hupokelewa humo akawa chela, yaani mfuasi wake, akapata jina, dada na kazi ya kuimba na kubariki watoto wachanga na maharusi. Malipo huitwa badhai. Wenyeji hutoa kwa kuamini baraka zao na kwa kuogopa laana zao, kisha hawatamani kuwa nao jirani. Heshima ya namna hiyo, kwangu, ni haba.

Wapo wanaomwona guru kama mnyonyaji, wakiwemo watu waliovuka jinsia wasiotaka maisha hayo. Chela humkabidhi guru sehemu ya mapato, na mara nyingi hawezi kuhamia kwa mwingine bila fidia kulipwa. Badhai zikipungua, humbakia kuombaomba kwenye treni au kuuza mwili. Hoja hiyo ina uzito.

Ila wanaotaka nyumba hizi zife watuambie watu waende wapi. Mwaka 2017 metro, yaani treni za mjini, ya jiji la Kochi iliajiri watu 23 waliovuka jinsia. Haukupita muda baadhi wakaacha kazi, maana hakuna aliyekubali kuwapangisha chumba kwa bei wanayoimudu.

Sheria ya India ya 2019 ya kulinda haki za watu waliovuka jinsia ilitaja familia kuwa ni ya damu, ndoa au kuasili kisheria. Aliyevuka jinsia ambaye wazazi au ndugu wa karibu wameshindwa kumtunza, mahakama humpeleka katika kituo cha marekebisho, si kwa guru. Kwa mtoto, nakubali tahadhari hiyo. Kwa mtu mzima aliyeishi na guru miaka ishirini, akauguzwa naye, naona ni upofu.

Mahakama Kuu ya jimbo la Himachal Pradesh iliona mbali zaidi mwaka 2016, ilipokubali mila ya urithi kati ya guru na chela. Uhusiano ukishaandikwa kisheria, guru naye anaweza kudaiwa: chela aondoke bila fidia, na mapato yawe na hesabu.