Sikuzimia, Niliinama

Kwa kuwa rafiki yangu amekwisha kuwasimulia kwamba nilizimia jukwaani, na baadhi yenu mmeshanitumia salamu za pole, naomba nisahihishe taarifa hiyo: sikuzimia, niliinama. Kwa aliyeketi safu ya nyuma tofauti ni ndogo, lakini kwangu ndiyo heshima pekee iliyosalia.

Mada niliyopewa, tafadhali msicheke mapema, ilikuwa kukubali kushindwa kama sehemu ya kukua. Nilianza kwa madaha, nikawaambia wasikilizaji wakupokee kushindwa kama mgeni anayebisha hodi. Mfano wangu mkuu ulikuwa wa Spencer Silver, mkemia wa kampuni ya 3M huko Marekani, ambaye mwaka 1968 alitafuta gundi kali akaambulia gundi dhaifu, inayoshika kidogo kisha ikabanduka bila kuacha alama. Gundi hiyo ilikosa kazi ya maana hadi mwaka 1974, pale mwenzake kazini, Art Fry, alipochoka kuona vialamisho vyake vikidondoka kutoka katika kitabu cha nyimbo za kwaya. Hapo ndipo vilipoanzia vile vikaratasi vya njano vya kubandika. Nami, kwa kujiona mjanja, niliiandika hotuba yangu juu ya vikaratasi hivyo hivyo, kumi na viwili, nikavibandika ukingoni mwa mimbari.

Kushotoni kwangu kulikuwa na feni ya kuzunguka.

Nilikuwa nimefika kwenye maneno "udhaifu wa gundi hii ndio uliokuwa nguvu yake" nilipokiona kikaratasi cha nne kikiinua pembe moja, kama mtu anayeomba ruhusa ya kusema. Nikakikazia macho. Feni ikageukia upande wa pili, kikatulia. Feni ikarudi, kikaondoka taratibu, kikifuatwa na cha tano na cha sita, mithili ya wanafunzi waliosikia kengele. Nilirudia "nguvu yake" mara tatu, kwa sababu sentensi iliyofuata ilikuwa hewani. Kisha nikainama, nikiwa nimesahau kwamba kipaza sauti kimebanwa kwenye kola ya koti langu. Ukumbi mzima, usioniona tena, ulisikia pumzi zangu, ukasikia goti langu likilia, kisha ukanisikia nikinong'ona, "Namba nne, uko wapi, namba nne?" kwa unyenyekevu ambao sijawahi kuuonyesha hata katika sala. Mgeni alikuwa amebisha hodi, na mwenyeji alikuwa amejificha chini ya mimbari. (Wewe uliyerekodi sehemu hii, najua unasoma.) Nilipoinuka kichwa kikagonga ubao, na spika zikalitangaza pigo hilo hadi kwa waliokuwa nje.

Yaliyofuata hayana urefu: mwenyekiti alinishukuru kwa haraka ya kutia shaka, makofi yakapigwa, nikashuka. Kilichonishangaza ni kwamba nilipokuwa nikipita kati ya viti, walio mbele yangu walinitazama kwa huruma, ilhali vicheko vilizuka nyuma yangu, safu baada ya safu, hadi mlangoni. Nilidhani wanacheka nundu. Nilipofika nyumbani na kuvua koti, nikakuta mgongoni kikaratasi cha saba, kimeshika barabara, kikiwa na maagizo niliyojiandikia mwenyewe kwa herufi kubwa: HAPA WATACHEKA.